Kausha Damu: Deni la Nyumba Lililoandikwa Jina la Mke

Tangu serikali ya Tanzania irudishe mikopo ya asilimia 10 ya halmashauri, ile inayotengwa kwenye mapato yake ya ndani, mwaka 2024, baada ya kuisimamisha Aprili 2023, ni nadra mkutano wa hadhara kwisha bila kiongozi kuwaambia akina mama waachane na kausha damu, yaani mikopo ya mtaani ya riba kubwa inayorejeshwa kila siku, waje halmashauri wachukue mkopo usio na riba. Novemba 2024 Benki Kuu nayo ikatoa orodha ya programu 69 za mikopo ya mtandaoni zilizokuwa zikikopesha bila leseni, ikazipiga marufuku. Huku mitandaoni zinazunguka video za mama anayebebewa friji na godoro mchana kweupe, na chini yake maoni ni yaleyale: tamaa, vijora, kitchen party, wanawake hawashibi. Kiongozi anaona tatizo ni mkopeshaji, mtoa maoni anaona tatizo ni mkopaji. Naona wote wawili wamemruka mtu wa tatu, ambaye ni nyumba yenyewe. Sehemu kubwa ya deni hili haikukopwa kwa ajili ya biashara wala anasa. Ni bajeti ya familia ambayo sheria, dini na mila vinasema inamhusu mume, lakini kwa miaka karibu arobaini sasa imekuwa ikihamia mabegani mwa mke, kimyakimya, bila mamlaka wala mali kuhama pamoja nayo. Ukitaka kujua hali ya maisha ya mwanamke aliyeolewa mjini leo, usianze na kipato chake. Anza na marejesho yake, kisha uliza anamrejeshea nani gharama ya nini.

Kwanza tuelewane kuhusu mkopo wenyewe, kwa sababu wengi wanaoujadili hawajawahi kuupigia hesabu. Tuseme mama anakopa shilingi 200,000. Kabla hajazishika, zinakatwa 20,000 za fomu, bima au jina lolote watakalozipa, anaondoka na 180,000. Kuanzia kesho yake anapeleka 8,000 kila siku kwa siku thelathini, jumla 240,000. Kwa haraka inaonekana riba ni asilimia 20, na hivyo ndivyo afisa mikopo anavyoieleza. Lakini hizo 180,000 hakai nazo mwezi mzima. Anaanza kuzirudisha siku inayofuata, na katikati ya mwezi ameshapeleka 120,000. Ukiipiga vizuri, anatozwa karibu asilimia mbili kwa siku ya fedha iliyobaki mkononi mwake. Kanuni zilizotungwa chini ya Sheria ya Huduma Ndogo za Fedha ya 2018 zinataka riba ya wakopeshaji wa daraja la pili, yaani wasiopokea amana, isizidi asilimia 3.5 kwa mwezi. Kwa hiyo anachotakiwa kutozwa kwa mwezi mzima anakimaliza kabla ya jua la siku ya pili kuzama. Dhamana yake ni vyombo vya ndani, pengine na kadi ya benki na namba ya siri, na wenzake wa kikundi ambao mmoja akikosa wote hawaondoki kikaoni mpaka pengo lizibwe.

Hapo swali la busara si kwa nini mkopeshaji ni katili. Biashara ya riba ilikuwa katili tangu zamani. Swali ni kwa nini mtu anayejua haya yote, na wengi wao wanayajua kuliko mimi na wewe, anarudi kukopa tena wiki inayofuata.

Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971, kifungu cha 63, inasema wazi kwamba ni wajibu wa mume kumpatia mkewe makazi, mavazi na chakula kwa kadiri ya uwezo wake. Mke anawajibika kumtunza mume pale tu mume anapokuwa hajiwezi kwa maradhi ya mwili au akili, naye mke ana uwezo. Sheria hiyo ilitungwa katika nchi ambayo mfanyakazi wa kiwandani Ubungo au karani wa wizara aliweza kulipa kodi na kulisha watoto kwa mshahara mmoja, hata kama kwa kubana. Miaka ya sabini ilipofikia ukingoni hali hiyo ilikuwa imeshaanza kuvunjika: bei ya mafuta, vita ya Kagera, maduka matupu. Mwaka 1986 nchi ikasaini masharti ya Shirika la Fedha la Kimataifa, shilingi ikashushwa thamani, na mshahara ukawa jina tu. Familia za mjini ziliokolewa na nini? Maandazi, ubuyu, barafu, vitumbua, kuku wa nyuma ya nyumba. Wake wa watumishi walioitwa mama wa nyumbani ndio waliogeuka kuwa mhimili wa nyumba, na mshahara wa mume ukawa nyongeza. Kila mtu wa umri wangu aliyekulia Dar es Salaam anamjua mama wa namna hiyo, na wengi wetu tulisomeshwa naye.

Lakini lugha ya nyumba haikubadilika. Mume aliendelea kuitwa mwenye nyumba, naye mke aliendelea kuitwa anayesaidia. Fedha yake ilihesabiwa kuwa ya chumvi na nyanya hata ilipokuwa inalipa ada. Mageuzi makubwa kuliko yote katika uchumi wa ndoa za Kitanzania yalipita bila kuandikwa popote: si kwenye sheria, si kwenye hotuba za msikitini na kanisani, si kwenye vikao vya kumfunda bibi harusi. Mwali bado anafundwa jinsi ya kumpokea mume anayerudi na posho. Hakuna kungwi anayemfundisha nini cha kufanya mwenye nyumba ya kupanga akigonga mlango akitaka kodi ya miezi sita na mume hana jibu.

Kodi hiyo ya miezi sita ndiyo ningependa tuitazame kwa karibu. Nilipata kukaa kwenye kikao cha kikundi cha akina mama huko Mbagala, Dar es Salaam, uani kwa mmoja wao, chini ya turubai, daftari la marejesho likiwa juu ya stuli ya plastiki. Fomu zao zote, kwenye sehemu ya madhumuni ya mkopo, zilikuwa zimeandikwa kuongeza mtaji. Afisa alipoondoka na pikipiki yake mazungumzo yakawa mengine kabisa. Mmoja alikuwa amelipa kodi. Mwingine alimtoa mtoto hospitali. Wa tatu, muuza samaki wa kukaanga, alinunua sare, madaftari na dawati la mwanafunzi wa kidato cha kwanza, akabaki na kiasi cha kununulia mafuta ya kukaangia siku mbili. Aliyefungua mtaji kwelikweli alikuwa mmoja, naye wenzake walimtania kwamba ana bahati, mumewe ni fundi aliyepata kazi ya jengo refu. Hicho si kipimo cha nchi nzima, ni kikundi kimoja tu. Ila mtu yeyote aliyewahi kukaa kwenye vikao hivyo ataona jambo lilelile: gharama zinazowapeleka kwenye kausha damu ni zile zinazokuja kwa mkupuo. Kodi ya miezi sita au mwaka. Januari ya shule, ambapo ada ilifutwa tangu 2016 lakini sare, viatu na michango vimebaki. Ugonjwa wa ghafla. Msiba. Nyumba inayoishi kwa kipato cha kila siku haiwezi kulipa gharama za kila nusu mwaka bila mtu wa kubadili fedha za leo kuwa fedha za mkupuo, na mtu huyo mtaani ni mmoja.

Mbona hakopi baba? Anakopa sana, tena naye analipa kwa siku. Kijana mwenye bodaboda ya mkataba anapeleka hesabu kila jioni kwa mwenye chombo kwa mwaka mzima au zaidi, mvua inyeshe isinyeshe, na akikosa pikipiki inachukuliwa na alichokwisha kulipa kinapotea. Kwa hiyo kuna nyumba nyingi ambazo mke na mume wanalala kitanda kimoja kila mmoja akiwa na deni lake la asubuhi. Nalitaja hili kwa sababu makala nyingi za namna hii humchora mume kama mlevi aliyejificha baa. Wapo, na si wachache. Lakini sehemu kubwa ni wanaume ambao kipato chao kimeanguka chini ya kiwango cha wajibu wao, na wakaona ni afadhali wasiulizwe. Ukimya wa mume nao una uchumi wake: akikiri kwamba hana, anapoteza cheo; asipokiri, mke atajua pa kupata. Basi anaacha elfu tano mezani kwa nyumba ya watu sita, hasemi kitu, na jioni anakuta ugali, maharage na mchicha. Hajauliza ile elfu tano ilizaaje.

Tofauti ya deni la mume na la mke ipo kwenye kinachobaki. Bodaboda ikimalizwa kulipwa ni mali, ina kadi, ina jina. Deni la mke likimalizwa kulipwa hakuna kilichobaki, kwa sababu kilichonunuliwa kimeliwa, kimevaliwa, kimelaliwa kwa miezi sita na miezi imekwisha. Mume anakopa kwa kitu kitakachodumu, mke anakopa kwa kitu kinachokwisha. Wakifika miaka ishirini ya ndoa, ukiwauliza nani alijenga, jibu liko wazi: kiwanja ni cha baba, matofali ni ya baba, na mama "alisaidia."

Mahakama iliwahi kuliona hili mapema kuliko wanasiasa. Katika shauri la Bi Hawa Mohamed dhidi ya Ally Sefu, mwaka 1983, Mahakama ya Rufani chini ya Jaji Mkuu Francis Nyalali ilitamka kwamba kazi za nyumbani za mke ni mchango katika upatikanaji wa mali ya ndoa kwa maana ya kifungu cha 114 cha Sheria ya Ndoa, kinachohusu kugawana mali. Uamuzi huo unasifiwa kila mwaka kwenye semina, na unastahili. Kinachosahaulika ni kwamba Bi Hawa mwenyewe hakupata mgawo zaidi. Mahakama iliona mumewe alikwisha kumpa fedha za kuanzisha mradi, naye akazitapanya, kwa hiyo fungu lake alikuwa ameshalila. Mwanamke aliyewafungulia wenzake mlango hakuingia kwa sababu ya hesabu za mtaji mdogo. Sidhani kuna mfano unaoeleza vizuri zaidi jinsi fedha ya mke inavyopimwa: ya mume ikizama kwenye nyumba inaitwa kujenga, ya mke ikizama kwenye nyumba inaulizwa iko wapi. Wakenya nao, pamoja na Katiba yao ya 2010 na Sheria ya Mali za Wanandoa ya 2013, waliambiwa na Mahakama ya Juu Januari 2023 kwamba usawa katika ndoa hauleti moja kwa moja nusu kwa nusu. Kila upande uthibitishe mchango wake. Sasa muuza samaki wa Mbagala athibitishe vipi? Risiti yake ni watoto waliokua.

Sasa tuzipime hoja za upande mwingine, kwani zipo na nyingine zina uzito. Hoja ya kwanza ni ya viongozi: mkopeshaji ni mhalifu, afungiwe. Nakubaliana nayo nusu. Mtu anayetoza asilimia mbili kwa siku na kuzoa vyombo bila amri ya mahakama anavunja sheria, na Benki Kuu inafanya haki kumfuata. Lakini kufunga duka hakuondoi njaa ya mnunuzi. Programu za simu zikifungwa, mkopo unarudi kwa mama wa mtaa wa pili anayekopesha kwa daftari, naye hana leseni wala anwani. Hatua hiyo ni ya lazima na haitoshi, na tatizo langu ni pale inapotangazwa kana kwamba imetosha.

Hoja ya pili ni ya tamaa. Vijora vya sare, michango ya harusi, kutunzana kwenye shughuli. Nisiwe mnafiki: ipo. Nimeona watu wakikopa ili kwenda kumtunza mwenzao, na nikaona ni wazimu. Lakini ukiangalia vizuri, kutunza si kutupa. Kila noti inayobandikwa inaandikwa, kichwani au kwenye daftari, na itarudi siku mtunzaji akiwa na shughuli yake au msiba wake. Kwa mwanamke ambaye hati ya kiwanja haina jina lake na bima ya afya hana, mtandao wa shughuli ndiyo akiba pekee ambayo mume hawezi kuiuza. Ni akiba ghali, yenye maonyesho mengi, na mimi ningependa waipunguze. Ila mtu anayemcheka afikirie kwanza ni taasisi gani nyingine ingempokea siku ya kufiwa.

Hoja dhaifu kuliko zote ndiyo inayopendwa kuliko zote, na imegharamiwa makongamano mengi: kwamba akina mama hawana elimu ya fedha. Wafundishwe kuweka akiba, watenganishe mtaji na matumizi, waandike mapato. Mwanamke anayeamka saa kumi usiku kwenda soko la Feri kununua samaki kwa mnada, anayekadiria mafuta, mkaa, unga na nauli, anayejua kwamba kesho ni mchezo wa kikundi, keshokutwa ni kausha damu ya kwanza na Ijumaa ni ya pili, na anazipanga zote zisigongane, huyo anafanya kazi ya mhasibu kila siku bila kikokotoo. Kumwambia atenganishe mtaji na matumizi ni kumwambia awaache watoto wasile ili ndoo ya samaki ikue. Anajua somo hilo; hana uwezo wa kulitekeleza, kwani matumizi ya nyumba hayana mfadhili mwingine. Angekuwa na mume anayelipa kodi, mtaji ungejitenga wenyewe. Semina hizi zinapendwa kwa sababu hazimgusi mtu: hazimuulizi mume, hazimuulizi mwenye nyumba, hazimuulizi halmashauri. Zinamrudishia mama kosa pamoja na daftari jipya na chai ya saa nne.

Kuna hoja ya nne yenye nguvu zaidi, nayo ni kwamba mikopo imewakomboa wanawake. Ni kweli kwa sehemu, ila inategemea mkopo wa nani. Vikundi vya kuweka na kukopa, ambavyo hapa tunaviita VICOBA, asili ya mtindo wake ni Niger, ambako mwaka 1991 wanawake wa vijijini walianza kuweka hisa zao wenyewe na kukopeshana kutoka humohumo. Fedha ni zao, riba inabaki kikundini, na mwisho wa mzunguko wanagawana. Pale mwanamke anatoka na kitu, na nimeona nyumba zilizoezekwa kwa mgao wa VICOBA. Kausha damu imeiga umbo la kikundi, viti vya duara, daftari, dhamana ya wenzako, ikautoa moyo wake: riba inaondoka na pikipiki. Hata mikopo ya nia njema ina mtego wake. Bangladesh, nchi iliyoufundisha ulimwengu kukopesha wanawake, watafiti Anne Marie Goetz na Rina Sen Gupta walionyesha mwaka 1996 kwamba sehemu kubwa ya mikopo iliyotolewa kwa jina la mwanamke ilikuwa ikiamuliwa na mwanamume wa nyumbani, huku marejesho yakibaki kwa mwanamke. Kwetu hali imepinda kidogo: mara nyingi mume haichukui fedha kwa mkono wake. Anachofanya ni kuacha kulipa kile alichokuwa akilipa, pindi anapojua mke ana mahali pa kukopa. Matokeo ni yaleyale na hakuna wa kulaumiwa.

Nakuja kwa hoja ya dini na mila, ambayo wanaharakati wengi huiruka kwa kuogopa. Uislamu umeweka matunzo ya nyumba juu ya mume na ukamwachia mke mali yake. Alichokichuma ni chake, akitoa kwa ajili ya nyumba ni sadaka yake. Kwenye makanisa nako mume huitwa kichwa cha nyumba, na kichwa kina wajibu. Kuna watu wanaosema basi turudi huko, mume atimize wajibu wake na mke atulie. Kama mwongozo wa haki, sina ugomvi nao. Mwanamke wa Pwani anayesema "changu changu, chake tule wote" anaongea kutoka kwenye msingi wa kisheria wenye karne nyingi. Shida ni kwamba tunaukumbuka nusu. Usimamizi wa mume, kwa maandiko yenyewe, unatajwa pamoja na kutoa kwake mali. Kwenye ndoa nyingi za leo utoaji umepungua, usimamizi umebaki mzima: yeye ndiye anayeruhusu safari, anayeamua watoto wasome wapi, anayeuliza simu ilikuwa ya nani. Mashehe na wachungaji wanaofungisha ndoa kila Jumamosi wangetusaidia kuliko semina yoyote kama wangesema hadharani kwamba mke anayelipa kodi ya nyumba anabeba wajibu wa mwingine, na kwamba hilo ni deni ndani ya ndoa, lina mwenye kudaiwa.

Ajabu ni kwamba sheria yetu ya 1971 ilishaliwaza hilo. Kifungu cha 64 kinampa mke aliye ndani ya ndoa mamlaka ya kukopa kwa jina la mumewe kwa ajili ya mahitaji ya lazima yake na ya watoto, kwa kadiri ya uwezo wa mume. Kifungu cha 115 kinairuhusu mahakama kumwamuru mume atoe matunzo hata ndoa ikiwa bado hai, kama ameacha kutimiza wajibu. Lakini kifungu cha 56 kinampa mke haki sawa ya kuingia mikataba na kushtakiwa kwa jina lake, na hicho ndicho kifungu pekee kinachofanya kazi mtaani kila siku. Mkopeshaji anataka jina la mama, kitambulisho cha mama, vyombo vya mama. Hakuna mke atakayekwenda mahakama ya mwanzo kudai matunzo asubuhi kisha arudi kulala nyumba ileile usiku. Kwa hiyo haki iliyoandikwa kwa ajili yake imelala, na dhima iliyoandikwa kwa ajili yake imeamka.

Vipimo vyetu vya hali ya maisha havilioni hili. Mama mwenye genge na mikopo mitatu anahesabiwa kuwa ameajiri nafsi yake, anamiliki simu, amefikiwa na huduma za fedha. Kwenye takwimu anapanda. Nyumbani anazima simu saa mbili asubuhi, anapita njia ya nyuma asionekane na kiongozi wa kikundi, anamfundisha mtoto wa miaka saba kusema mama katoka. Presha anapimwa akiwa mjamzito tu. Na juu ya yote kuna siri: sehemu ya madeni haya mume hayajui, na siku atakapoyajua ni siku friji inapobebwa. Nyumba nyingi zinavunjika hapo, si kwa sababu deni ni kubwa, bali mume anaona ameaibishwa mbele ya mtaa. Anamrudisha mke kwao, na deni linamfuata huko. Akifa mume kabla ya hapo, mambo yanaweza kuwa mabaya zaidi. Mwaka 2015 Kamati ya Umoja wa Mataifa inayosimamia mkataba wa kuondoa ubaguzi dhidi ya wanawake iliikosoa Tanzania katika shauri la wajane wawili wa mkoani Shinyanga walioondolewa kwenye nyumba walizoishi na waume zao, kwa kufuata sheria za kimila zilizoandikwa mwaka 1963.

Tukikubali kwamba hili ni deni la nyumba, mambo kadhaa yanabadilika, na si yote yanahitaji fedha. Mwenye nyumba kudai kodi ya miezi sita ni suala la ndoa kuliko linavyoonekana. Pengine hakuna hatua moja ambayo ingepunguza wateja wa kausha damu haraka kama kodi ya mwezi kwa mwezi inayosimamiwa kwelikweli. Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote ya 2023 ikitekelezwa kwa uaminifu, inaondoa mkupuo mwingine. Michango ya shule ikigawanywa kwa mwaka mzima badala ya kurundikwa Januari, inaondoa wa tatu. Hizo ni sera za makazi, afya na elimu, lakini kwa mwanamke aliyeolewa ni sera za kulala usingizi. Kuhusu mali, viwanja vinavyopimwa na kurasimishwa mijini vingeandikwa majina mawili pale wanandoa wanapoishi pamoja, bila kusubiri mke aombe, kwa sababu kuomba kwenyewe huonekana ni kutabiri talaka.

Na kuna mikopo ya asilimia 10, ambayo nne ni za wanawake. Sharti lake ni mradi wa kikundi, na fomu inauliza biashara, wanachama, eneo na makadirio ya faida. Haimuulizi mwombaji nani analipa kodi ya nyumba anayolala, wala Januari inamkuta na watoto wangapi shuleni. Mama atakayepata milioni moja ya halmashauri akiwa na marejesho matatu ya kila siku atafanya kile ambacho mhasibu yeyote mwenye akili angefanya: atalipa kwanza deni linalokula asilimia mbili kwa siku, kwa fedha isiyo na riba. Ni uamuzi sahihi wa kifedha, na ndio utakaomfanya aonekane mdanganyifu, kwa kuwa mashine ya kusaga iliyoandikwa kwenye andiko la mradi haitaonekana. Mkaguzi Mkuu wa Hesabu za Serikali ameshaandika zaidi ya mara moja kuhusu mikopo hii isiyorejeshwa. Ripoti zijazo zikitaja tena mabilioni yaliyokwama kwenye vikundi vya wanawake, kutakuwa na pendekezo la kukaza masharti ya biashara. Kabla ya kulipokea, kamati ya madiwani iwaite wakopaji hao na kuwauliza mwenye nyumba alikuja lini na alilipwa na nani.